Fremu Nyeusi Ndani ya Shuka

Jioni ile Nati alitoka kwenda kununua balbu tu. Ya karakana yake ilikuwa imekufa ghafla, na mdogo wake alikuwa njiani kuleta baiskeli yake ya mashindano ikazwe spoku. Duka la vifaa vya umeme halikuwa mbali. Alikwenda, akanunua, akataniana na muuzaji kama kawaida yao, akarudi huku akipiga mluzi.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoishi wote: yeye, mkewe aliyekuwa dobi, mdogo wake, na mama yao mzee ambaye macho yalikuwa yamemchoka. Mtaa ulimwita Nati kwa sababu akiwa kazini huweka nati mdomoni, anazimumunya kama pipi. Mdogo wake walimwita Mshale kwa sababu ya mbio. Mchana kutwa alipeleka vifurushi mjini kwa baiskeli, siku za mapumziko akashindana kwenye vilima, na bado jioni alirudi na maneno mengi kama redio.

Mlangoni Nati alikuta mwanamke amesimama.

Hakuwa amebisha. Alisimama tu, uso karibu ugusane na ubao, kama mtu anayesikiliza walio ndani. Amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka jeupe. Amekipakata jinsi mtu anavyompakata mtoto aliyepitiwa na usingizi.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Nimeambiwa unaweza kuunda baiskeli nzima kutoka fremu tupu."

Sauti ya chini. Ya mtu aliyelia mpaka koo likachakaa.

Waliingia. Nati akafunga balbu, akawasha. Mwanamke aliweka mzigo wake juu ya meza na kuufungua pindo moja baada ya jingine. Nati aliacha hata kupumua. Ilikuwa fremu ya kaboni, ya baiskeli ya milimani, ile aina yenye springi mbele tu na nyuma ngumu. Nyeusi tititi. Haikupakwa rangi, haikuandikwa jina la kiwanda wala namba. Nyuzi za kaboni zilionekana zimesukwa kama mkeka. Aliinyanyua kwa vidole viwili, ikanyanyuka kama ganda la yai. Miaka yote alikuwa ameshughulika na vyuma na alumini. Kitu cha namna hii alikuwa akikitazama kwenye simu tu, anameza mate.

"Ni ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Ana urefu gani? Maana kiti na usukani lazima vimkae."

Kabla mwanamke hajajibu, Mshale aliingia akisukuma baiskeli yake, jasho linamtiririka, begi la vifurushi mgongoni.

"Shikamoo, mama! Eh, kaka, leo umepata mali!"

Mwanamke hakuitikia. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Polepole. Kisha akanyoosha mkono, akampima kwa shibiri, kutoka bega hadi bega.

Mshale akacheka. "Unanishonea suti, mama?"

"Kama huyu," mwanamke alimwambia Nati. "Ana urefu kama huyu hasa."

Vifaa vingine vyote vilikuwa ndani ya boksi alilokuwa ameliacha barazani: uma wa mbele wenye springi, rimu, krenki yenye pedali, breki za mafuta, mnyororo. Aliviingiza, akakunja shuka lake.

"Usiongeze kitu, usipunguze kitu," alisema.

"Na mwanao atakuja lini kuijaribu?"

"Ikiisha, atakuja."

Akaondoka.

Fundi akipewa fremu ya kaboni, kitu cha kwanza ni kuigonga. Kaboni haipindi kama chuma. Hupasuka kwa ndani, kimyakimya, na jicho lisione. Kwa hiyo unagonga kwa sarafu na kusikiliza; palipo pazima panatoa mlio mkavu, palipopasuka panatoa mlio mfu. Nati alianza kwenye shingo ya fremu akateremka.

Ti. Ti. Ti.

Nzima. Safi. Alifika chini kabisa, pale krenki inapoingia. Akagonga.

Ti.

Halafu...

Ti.

Mkono wake ulikuwa bado uko juu.

"Mshale, acha utani wako."

"Utani gani?" Mshale alijibu kutoka ukumbini. "Mimi huku nakunywa chai na mama."

Nati aliinama, akatia pua kwenye tundu la fremu. Kaboni mpya hunukia gundi. Hii ilitoa harufu ya chumba cha mgonjwa. Jasho lililolala, dawa, shuka zisizobadilishwa... Akajiambia ni boksi tu lilikaa mahali pabaya. Akazima taa.

Kesho yake alianza kuunda. Na niseme kweli, aliifurahia kazi ile kuliko kazi yoyote maishani mwake. Alipaka grisi kwenye beringi, akaziketisha shingoni, akapitisha uma, akakaza kidogo kidogo kwa spana ya kupima nguvu, maana kaboni ukiikaza kwa hasira inakatika kama biskuti. Uma ulizunguka bila hata kukwaruza.

Asubuhi iliyofuata Mshale aliamka shingo imemkamaa. Akitaka kuangalia pembeni inambidi ageuke mwili mzima.

"Unatembea kama kabati," mkewe Nati alimtania.

"Shemeji, usinichekeshe. Inauma."

Siku hiyo Nati alipima usukani kwa upana wa mabega ya Mshale, akakata ncha zake kwa msumeno mwembamba, akaufunga. Jioni, mezani, Mshale aliangusha kikombe. Akachukua kingine, nacho kikaanguka. Akakaa akitazama vidole vyake.

"Kaka," alisema baadaye, "ncha za vidole sizisikii. Naziona, lakini kama hazipo."

"Ni mishipa. Unashika usukani siku nzima."

Hakuna aliyewaza zaidi. Nani angewaza? Kijana ana shingo ngumu na ganzi, baiskeli inajengwa chumba cha mbele. Vitu viwili tofauti. Nati akafunga magurudumu, na Mshale akaanza kulalamika mbavu. Akafunga kiti, na mgongo ukawa mzito. Siku aliyofunga krenki, watu walimleta Mshale nyumbani amelazwa kwenye mkokoteni. Alikuwa anapanda mwinuko mdogo tu, ule anaoupanda kila siku huku anaimba, magoti yakamwachia. Yote mawili. Kwa pamoja.

Hospitali walimpiga picha, wakampima damu. Daktari alikuwa mpole. Alisema haoni kitu. Kila kiungo ni kizima. Apumzike.

Mkewe Nati ndiye aliyeona. Alikuwa uani anaanika nguo za wateja, akaacha shati likining'inia kwa mkono mmoja, akaja mpaka mlango wa karakana.

"Mume wangu. Leo umeweka nini kwenye hilo dude?"

"Krenki."

"Siku aliyoangusha vikombe?"

"Usukani."

"Na shingo ilipomkamaa?"

Nati alitema nati iliyokuwa mdomoni. Ikabingirika sakafuni, na hakuna aliyeifuata kwa macho.

Aliruka akashika spana. Bolti za usukani kwanza. Akalegeza moja, nusu mzunguko tu...

Mshale akapiga yowe.

Yowe ambalo Nati hakujua kwamba mdogo wake analo. Lilitoka chumbani, likapita ukumbini, likamkuta mkono uko kwenye spana. Mama yao akapapasa ukuta kutafuta mlango. "Mnamfanya nini mwanangu? Mnamfanya nini?"

Nati akarudisha bolti. Akaikaza taratibu, jasho linamdondoka juu ya kaboni. Yowe likapungua. Likawa mlio wa puani. Likakoma.

Alijaribu bolti nyingine, ya kiti, kwa upole kama anayetoa mwiba kwenye jicho. Ikawa vilevile. Akaketi chini katikati ya vifaa vyake, mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua, na sasa hawezi kufungua.

Akatoka kumtafuta yule mwanamke. Aliuliza kwa muuza balbu, kwa mafundi wenzake, kwenye maduka ya baiskeli ya mjini. Nao wakamwuliza: nani alimwelekeza kwako? Hakujua. Anaitwa nani? Hakuuliza. Watu walimwangalia kwa huruma, wengine wakacheka kidogo. Nyumbani, Mshale alikuwa akikonda huku anatazamwa. Mkewe Nati alimlisha uji kwa kijiko, naye akaumeza kwa shida kama anameza mawe. Na baiskeli pale kwenye stendi yake, bado haina breki wala mnyororo, ilizidi kung'aa. Nati alipoinyanyua kuisogeza, alishtuka. Ilikuwa imeongezeka uzito.

Alasiri moja aliinua macho, mwanamke amesimama ndani ya karakana. Hakubisha, kama mara ya kwanza.

"Imebaki kidogo," alisema.

Nati alimshika mkono kwa nguvu. Mwanamke hakujitetea. Mkono wenyewe ulikuwa mwembamba, wa mama yeyote.

"Umetufanyia nini?"

"Mwanangu alianguka mlimani," alisema, kwa sauti ileile iliyochakaa. "Alilala kitandani muda mrefu. Mwili ukamwisha, yeye bado yupo. Nikamwambia usiende mbali, mwanangu. Jibanze mahali. Nitakutafutia pengine."

Alipitisha kiganja juu ya fremu. Taratibu, kama anayepapasa mgongo.

"Nani alikufundisha haya?"

"Mtu. Sikumwuliza jina. Nilikuwa kama ulivyo wewe sasa."

"Mdogo wangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea." Machozi yakamjaa. "Mabega yalilingana tu."

Chumbani, Mshale alikohoa.

"Nikiivunja?" Nati alinong'ona.

"Umevunja wote wawili."

"Nikiiacha ilivyo?"

"Si unamwona."

"Nikiimaliza?"

"Mmoja atasimama."

"Yupi?"

Mwanamke alishusha macho sakafuni. "Fundi, mimi ni mama. Unadhani naomba asimame yupi?"

Akatoka, akakaa barazani, mgongo ukutani, shuka lake limekunjwa mapajani. Mkewe Nati alitaka kumfukuza kwa fagio. Nati akamzuia. Kumfukuza kungesaidia nini?

Akaingia chumbani kwa Mshale, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mama yao alikuwa upande wa pili, ameishika mikono ya mwanawe yote miwili, anaisugua ipate joto.

"Nimesikia," Mshale alisema. Alihitaji kupumua kati ya kila neno. "Malizia, kaka."

"Siwezi."

"Ukiacha nakwisha. Ukimaliza... pengine mimi."

"Na kama si wewe?"

Mshale alijaribu kutabasamu. "Umeshawahi kunifungia kitu kikalegea?"

Nati aliona midomo ya mama yao inatikisika. Akainuka.

Alifanya kazi milango ikiwa wazi, jua linaingia hadi kwenye meza. Aliwaza kwamba akifanya vizuri kupita alivyowahi kufanya, labda itahesabiwa. Alifunga breki. Alitia mafuta kwa sindano, akaminya, na vipovu vya hewa vikaanza kupanda kwenye mrija mwembamba. Kila kipovu kilipopanda, chumbani alimsikia Mshale akishusha pumzi. Kipovu. Pumzi. Kipovu. Pumzi...

Mrija ukawa mweupe. Hakuna hewa tena.

Chumbani kimya.

"Mke wangu! Anapumua?"

"Sijui!" Mkewe alikuwa analia. "Malizia! Malizia haraka!"

Akapitisha mnyororo kwenye gia, akauvuta ncha mbili zikutane, akatafuta pini. Ikamponyoka. Akaipata. Akaisukuma.

Tik.

Gurudumu la nyuma likazunguka lenyewe. Mara moja, bila haraka, kama mtu anayejinyoosha akiamka. Likasimama.

Kisha akasikia nyayo.

Nyayo za mtu mzima wa afya, anayetembea peku kwenye sementi. Mkewe akapiga kigelegele, akapiga kingine, akaita majirani. "Amesimama! Jamani, Mshale amesimama!" Nati akageuka. Mdogo wake alikuwa kwenye mlango wa karakana. Shingo inageuka. Magoti yamenyooka. Rangi imemrudi usoni.

Nati akafungua mikono kumkumbatia.

Kijana alirudi nyuma hatua moja. Kwa adabu.

"Samahani," alisema. "Naomba maji ya kunywa. Jiko liko upande gani?"

Sauti ilikuwa ya Mshale. Lakini Mshale hakuwahi kusema polepole namna ile.

Kigelegele kikakatika katikati. Kijana akaona mikono yake, akaigeuza, akaikunja na kuikunjua. Akaitazama baiskeli, na uso wake ukachanua kama wa mtoto. Halafu akatazama barazani. Machozi yakaanza kumtoka.

"Mama," alisema.

Mwanamke alikuwa ameshasimama. Alimkumbatia, akamnusa kichwani, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Majirani waliokuwa wamejaa nje walipiga makofi. Waliona nini wao? Mshale amepona, na mama wa watu analia kwa furaha. Mtu mmoja alimpigapiga Nati mgongoni. "Hongera, ndugu yangu. Mungu mkubwa."

Nati alisimama njiani. "Mshale. Mdogo wangu. Ni mimi."

"Ahsante, fundi," kijana alijibu, na ilionekana anamaanisha. "Imetulia vizuri."

Akampita, akaitoa baiskeli, akapanda. Nati alikimbia nyuma yake barabara nzima, hadi miguu ikakataa. Nani angemzuia? Polisi walimsikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akamwuliza kosa liko wapi. Mtu mzima, ana akili zake, amehamia kwa mama mwingine. Hata yeye amewahi kutamani.

Kijana hakujificha. Alikuja mwenyewe, muda ulipopita, breki zimeanza kulia, mwanamke akimfuata nyuma. Akasimama nje ya karakana kama mteja yeyote, akasalimia. Nati angeweza kukataa. Lakini aliwaza baiskeli ile ikifika mikononi mwa fundi mlevi, akalegeza bolti moja tu... Akaipokea. Akaisafisha, akatia mafuta mnyororo, akakaza kila mahali. Wakati anafanya kazi, akauliza bila kuinua kichwa:

"Ulipoingia... ulimkuta?"

Kijana alifikiri kidogo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lilimwumiza Nati zaidi ya yote.

"Nilimsikia. Alikuwa anakuita wewe. Aliita muda mrefu." Akameza mate. "Siku hizi simsikii."

Tangu hapo akawa anakuja kila breki zikilia, na Nati anamhudumia, na mkewe anajifungia uani mpaka aondoke. Mama yao hawakumwambia ukweli. Walimwambia Mshale amepata kazi mbali. Yeye akaitikia, kwa namna ambayo mtu huitikia ili watoto wake wapumzike.

Hadi jioni moja Nati alipomwona mama yao amesimama kwenye mlango wa karakana, anausikiliza mnyororo ukizunguka. Kijana naye alikuwa ndani, amekaa kwenye kigoda, anasubiri.

"Sogea hapa, mtoto," mama alisema.

Kijana akamtazama Nati. Kijana akasogea, akapiga goti.

"Wewe si mwanangu," mama alisema kwa upole. "Harufu yako si ya hapa. Lakini mikono ni ya mwanangu, niliiosha mwenyewe tangu ilipokuwa haijai kiganja. Niachie niishike kidogo, kisha uende zako."

Kijana akampa. Mama aliisugua, kama alivyokuwa akiisugua kitandani siku zile, kidole kwa kidole. Nje, mwanamke alikuwa anasubiri kwenye ukingo wa barabara. Akaita kwamba giza linaingia, waende.

Kijana akavuta mikono.

Haikutoka.

Alivuta tena. Vidole vilikuwa vimejikunja juu ya mkono wa mzee. Vinakaza. Vinazidi kukaza.

"Fundi," kijana alinong'ona, macho yamemtoka. "Sifanyi mimi."

"Achia," Nati alisema.

"Siwezi. Si mimi, fundi. Wallahi si mimi..."

Mama alikuwa akitabasamu na machozi yanamtiririka, lakini mifupa ya mkono wake ilianza kutoa mlio. Alikuwa mzee. Mkono ungevunjika. Nje, mwanamke aliita mara ya pili, na sasa sauti yake ilikuwa na hofu.

Nati akapiga magoti. Alifanya alichoweza, na hakukuwa na kingine. Akaanza kuvibandua vidole vya mdogo wake kutoka kwenye mkono wa mama yao, kimoja kimoja, huku akisema samahani, samahani, bila kujua anamwomba nani.

Cha mwisho kilikuwa kile kidogo. Alipokibandua, kilijipinda kwenye kidole chake yeye.

Kikakatalia hapo.